Wodi Kabla ya Darasa: Staji na Lugha ya Kazi katika Mafunzo ya Wauguzi wa Ituri

Historia ya elimu ya juu katika Kongo ya mashariki kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata amri za serikali: mwaka fulani chuo kilifunguliwa, mwaka fulani kiliunganishwa na vingine, mwaka fulani kilibadilishwa jina. Masimulizi ya namna hiyo yana faida yake, lakini huacha nje jambo ambalo kila aliyepita katika taasisi za ufundi za Bunia, Aru au Mahagi analijua, yaani kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wake hakuipata mbele ya ubao. Aliipata kazini, mbele ya wakubwa wa kazi, katika kile kipindi ambacho Wakongo wote, msomi na asiye msomi, hukiita staji.

Makala haya yanachunguza historia ya staji katika eneo moja, Ituri, na katika fani moja hasa, yaani uuguzi. Hoja inayotetewa ni kwamba katika Ituri wodi ilitangulia darasa. Shule iliota pembeni mwa hospitali kama chipukizi linavyoota pembeni mwa mgomba. Na kwa kuwa wodi ilitangulia, lugha ya wodi, ambayo ni Kiswahili, ilikuwa lugha ya kwanza ya ujuzi huo, ingawa haijatajwa katika diploma yoyote. Si nia ya makala haya kuandika historia kamili ya tiba katika eneo hilo, wala historia ya misheni, ijapokuwa misheni zitatajwa mara nyingi kwa kuwa ndizo zilizokuwa na hospitali.

Nioka: kazi isiyo na wanafunzi

Yafaa kuanzia Mahagi, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mojawapo ya vituo vya kazi ya kitaalamu vilivyojulikana sana katika Ituri ya kikoloni. Taasisi ya utafiti wa kilimo katika Kongo ya Kibelgiji, INEAC, iliundwa kwa amri ya mfalme mwezi Desemba 1933, na makao yake makuu yakawekwa Yangambi, kando ya mto Kongo. Kituo cha Nioka, katika nyanda za juu za Mahagi, kilipewa mambo yasiyowezekana katika joto la Yangambi: mifugo, malisho, upandaji wa miti, mazao ya nchi ya baridi. Watafiti wa Kibelgiji walipima mvua, wakahesabu ng'ombe, wakalinganisha majani. Waliolima vitalu hivyo, waliokamua ng'ombe hao na waliobeba vipimo hivyo walikuwa wenyeji.

Hao hawakuitwa wanafunzi. Chuo kikuu chenyewe hakikuwapo. Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 na kile cha Elisabethville mwaka 1956. Ujuzi uliokuwa mikononi mwa kibarua wa Nioka haukuwa na mtihani wala cheti, na kibarua alipoacha kazi aliondoka nao nyumbani. Baada ya uhuru wazo la kuweka shule mahali pa kazi lilijaribiwa katika kilimo pia. Mwaka 1973, chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire (UNAZA), masomo ya juu ya kilimo yalipelekwa Yangambi ili wanafunzi wawe karibu na mashamba ya majaribio na maabara yaliyoachwa na INEAC. Mantiki ilikuwa nzuri. Kasoro ni kwamba watafiti wengi walikuwa wamekwisha ondoka tangu 1960, na kwa hiyo wanafunzi walifika kwenye karakana ambayo mafundi wake hawapo. Baadaye vita vikakirudisha kitivo hicho Kisangani.

Uuguzi ulifuata njia nyingine, na ndiyo maana unastahili kutazamwa peke yake.

Oicha na Nebobongo: mkono kabla ya kitabu

Serikali ya kikoloni ilijua vyema thamani ya mafunzo ya kazini. Shule ya wasaidizi wa matabibu iliyofunguliwa Leopoldville mwaka 1936 ilikuwa ya miaka sita, na miwili ya mwisho ilikuwa ya kazi hospitalini. Lakini mpango huo ulikuwa na dari. Msaidizi aliweza kupasua, kutibu, hata kusimamia wodi nzima, ila hakuweza kuwa daktari. Na siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi nzima haikuwa na daktari hata mmoja Mkongo. Shirika la Afya Duniani lilipowapeleka wasaidizi hao Ufaransa wakamalizie masomo, walirudi madaktari kamili baada ya miaka michache tu. Ni dhahiri kwamba hawakwenda huko mikono mitupu.

Katika mashariki, mbali na Leopoldville, mafunzo yalianza bila mpango wowote wa namna hiyo. Mwaka 1934 Carl Becker, daktari Mmarekani wa Africa Inland Mission, aliweka makao Oicha, kaskazini ya Beni, ukingoni mwa msitu wa Ituri. Hospitali iliyokua hapo ilipokea wagonjwa kutoka pande zote, Wambuti wa msituni wakiwemo, na kijiji cha wagonjwa wa ukoma kilichoizunguka kilijulikana mbali. Daktari mmoja, hata akiongezewa mwenzake, hawezi kuhudumia mahali pa ukubwa huo. Becker alifundisha wasaidizi kwa njia iliyo ya zamani kuliko vitabu: msaidizi alisimama kando yake, akatazama, akashika chombo, akashona jeraha dogo, siku zilivyokwenda akashona kubwa. Hakuna aliyeiita staji. Ilikuwa ni kazi tu, na aliyeshindwa kazi alijulikana siku ile ile.

Helen Roseveare, daktari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1953 na misheni ya WEC, alianzia Ibambi na mwaka 1955 akahamishiwa Nebobongo, mahali palipokuwa kambi ya zamani ya wagonjwa wa ukoma. Hapo hapakuwa na hospitali ya kufundishia, hivyo ilibidi ijengwe. Yeye na wanafunzi wake walifyatua matofali na kuyachoma, na imesimuliwa jinsi alivyoitwa kutoka kwenye tanuri kwenda kupasua, akaosha kwa dawa mikono iliyochunwa na matofali. Kisa hicho kimezoeleka kutajwa kama mfano wa kujitoa. Kwa mtazamo wa historia ya elimu kina maana nyingine pia: mwanafunzi wa Nebobongo alijua hospitali yake tangu tofali la msingi, na alijua gharama ya kila ukuta.

Lugha ya mahali hapo ilikuwa Kiswahili kile kilichoitwa Kingwana. Hapa pana historia ndefu kidogo, lakini haiwezi kurukwa. Kiswahili kilipenya msitu wa Ituri pamoja na misafara ya pembe za ndovu ya miaka ya 1880, kisha kikapata makao mapya katika machimbo ya dhahabu ya Kilo, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1903, na baadaye Moto. Kampuni ya Kilo-Moto ilikusanya vibarua wa makabila yasiyosikilizana. Kwa hiyo katika Ituri, kabla Kiswahili hakijawa lugha ya kanisa au ya shule ya msingi, kilikuwa lugha ya kazi. Wodi zilipofunguliwa zilikikuta tayari kimevaa nguo za kazi.

Nyankunde: hospitali inayozaa shule

Mwaka 1964 uasi wa Simba ulivunja mtandao huu wote katika muda mfupi. Stanleyville, Kisangani ya leo, iliangukia mikononi mwa waasi mwezi Agosti. Becker alivuka mpaka akaingia Uganda. Roseveare alikamatwa, akateswa, na akapata kuokolewa siku ya mwisho ya mwaka huo. Hospitali za misheni ziliporwa au zilibaki bila madaktari, na pale zilipoendelea kupokea wagonjwa, waliozifungua mlango asubuhi walikuwa wauguzi Wakongo waliofundishwa humo humo. Huo ndio uliokuwa mtihani wa kwanza wa mafunzo ya kazini katika Kongo ya kaskazini-mashariki, na haukuandaliwa na wizara yoyote.

Waliporudi, misheni kadhaa za Kiprotestanti zilikubaliana jambo ambalo kabla ya vita lingekuwa gumu. Badala ya kila moja kufufua hospitali yake, zilijiunga kuendesha kituo kimoja kikubwa Nyankunde, kusini-magharibi ya Bunia, katika nchi ya Wabira. Becker alihamia huko. Roseveare alirudi Kongo mwaka 1966 na kufundisha Nyankunde mpaka 1973. Hospitali ilikua ikafikia vitanda kama 250, ikawa na ghala la dawa na uwanja wa ndege ndogo zilizowachukua madaktari kwenda kuzizungukia hospitali za mbali.

Wanafunzi wa kwanza walianza kufundishwa kabla majengo ya shule hayajasimama, na wao wenyewe walishiriki kuyajenga. Mpangilio uliojengeka ni ule ambao wauguzi wengi wa Kongo wanaujua: saa za darasa na saa za wodi kupokezana, zamu ya usiku kwa aliye na uwezo wa kuachiwa, mkuu wa wodi kutia saini katika kitabu cha mwanafunzi kila tendo analoliweza. Shule ya sekondari ya uuguzi, yenye diploma ya A2, ilikuja kufuatwa na taasisi ya juu ya ufundi wa tiba, ambayo hutoa diploma ya A1. Ngazi zilipanda, majina ya serikali yakabadilika, lakini wodi iliyofundisha ilikuwa ile ile.

Utaratibu huu haukubuniwa Nyankunde. Shule ya uuguzi iliyoanzishwa kwa juhudi za Florence Nightingale katika hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860, ilisimama juu ya msingi huo huo, na ng'ambo ya Ziwa Albert wanafunzi wa tiba wa Makerere walijifunza katika wodi za Mulago tangu miaka ya 1920. Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ya useremala, ujenzi na umakanika, jambo ambalo wahitimu wake wa fasihi hawapendi sana kukumbushwa.

Pana upande mwingine wa mambo usiopendeza kusemwa, nao ni kwamba hospitali ya namna hiyo iliishi kwa kazi ya wanafunzi. Aliyekesha na mgonjwa, aliyebadilisha shuka, aliyepima joto saa kumi ya usiku, mara nyingi alikuwa mwanafunzi asiyelipwa. Katika Zaire ya miaka ya 1970 swali hili halikuwa la hospitali tu. Mwezi Juni 1971 serikali iliwaandikisha jeshini wanafunzi wa Lovanium waliokuwa wameandamana, na baadaye raia wote wakaitwa katika kazi ya lazima isiyo na ujira, iliyojulikana kwa jina la salongo. Mwanafunzi wa wakati huo alikuwa na sababu ya kushuku kila aliyemwambia kwamba kazi ni shule. Tofauti ya staji na salongo ilikuwa katika jambo moja: je, yupo mkubwa wa kazi anayesimama kando yako na kukuonyesha? Alipokuwapo, saa ya kazi ilikuwa somo. Alipokosekana, ilikuwa salongo yenye koti jeupe.

Tanzania ya wakati huo ilijaribu jibu tofauti. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliwataka vijana waliomaliza sekondari wafanye kazi kwanza, na mwajiri awashuhudie, ndipo waingie Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko kazi iliwekwa kama kizingiti cha kuvukwa kabla ya elimu, na katika miaka ya 1980 sharti hilo lililegezwa. Nyankunde kazi haikuwa kizingiti. Ilikuwa sakafu ambayo mwanafunzi alikanyaga kila siku.

Kifaransa cha mtihani, Kiswahili cha kitanda

Ituri ni mahali ambapo familia kadhaa za lugha za Afrika hugusana. Kialur cha Mahagi ni lugha ya Kiniloti. Kilendu na Kingiti, pamoja na Kilugbara cha Aru, ni lugha za Sudani ya Kati. Kibira ni Kibantu. Wahema wa kaskazini husema Kilendu, ilhali wale wa kusini husema lugha iliyo karibu na Kinyoro. Pande za Aru na Mahagi Kilingala nacho kina nguvu. Mwanafunzi aliyetoka Mahagi kwenda Nyankunde aliota kwa Kialur, alisoma mwili wa binadamu kwa Kifaransa, na asubuhi alisimama mbele ya mgonjwa Mngiti au Mbira ambaye hawakuwa na lugha ya pamoja isipokuwa Kiswahili.

Na Kiswahili hicho si kile cha vitabu vya Dar es Salaam. Mgonjwa husema *tumbo iko naniluma*, ambapo msemaji wa Kiswahili sanifu angesema *tumbo linaniuma*. Upatanisho wa kisarufi umepunguzwa, na wakati uliopo unajengwa kwa *iko na-*. Mwanafunzi hakupata somo lolote la sarufi hii, kwa kuwa haikuwa katika mtaala, lakini aliyeshindwa kuielewa alishindwa staji.

Mifano miwili yatosha kuonyesha kwamba jambo hili si la urembo wa lugha. Katika Kiswahili cha Kongo *mbele ya kula* ni kabla ya kula, na *nyuma ya kula* ni baada ya kula. Mwanafunzi aliyejifunza Kiswahili chake katika kitabu cha sarufi sanifu anaweza kusita hapo, na dawa nyingi hazipendi kusita kwa namna hiyo. Mfano wa pili ni saa. Kwenye karatasi ya wodi dawa huandikwa kwa hesabu ya Kifaransa, saa 8 asubuhi, nayo kwa mgonjwa ni *saa mbili*. Kila muuguzi wa mashariki anafanya hesabu hiyo kichwani mara nyingi kwa siku bila kuona kwamba anafasiri. Mwanafunzi mgeni huiona, kwa sababu mwanzoni huikosea. Na mkuu wa wodi aliyemsahihisha alikuwa, bila kujijua, mwalimu wa tafsiri.

Lipo pia neno *munganga*. Wagonjwa wa Ituri hulitumia kwa daktari, kwa muuguzi, na kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyevaa koti jeupe. Diploma hutenganisha A1, A2 na A3 kwa uangalifu mkubwa, lakini kitanda hakijui tofauti hizo. Kijana wa miaka kumi na minane aliyeitwa *munganga* na mama wa umri wa nyanya yake alitwikwa wajibu wa kazi nzima kabla hajafaulu mtihani hata mmoja. Wapo walioharibiwa na neno hilo, wakajiona madaktari. Wengi zaidi liliwatia hofu yenye faida.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi na Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Katika elimu ya juu mgawanyo huo umekuwa na maana moja tu, kwamba mtihani, ripoti ya staji na utetezi wake ni kwa Kifaransa. Ni ajabu kidogo kwamba kazi iliyofanywa yote kwa lugha moja hupimwa yote kwa lugha nyingine, na ajabu zaidi kwamba watu wachache huona ajabu.

Septemba 2002

Vita vya Ituri vilianza mwaka 1999, katika nchi iliyokuwa tayari imegawanywa na vita vikubwa vya 1998 na kukaliwa na jeshi la Uganda. Mwezi Agosti 2002 kundi la UPC liliteka Bunia, na mwisho wa mwezi huo kijiji cha Songolo kilishambuliwa, watu wengi wakauawa. Tarehe 5 Septemba 2002 wapiganaji wa Kingiti pamoja na askari wa jeshi la RCD-ML waliingia Nyankunde. Waliua kwa siku kadhaa, wakiwachagua watu kwa kabila. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kuwa waliokufa hawakupungua 1,200. Hospitali iliporwa: vitanda, vyombo, dawa, milango.

Walionusurika, wafanyakazi wa hospitali na wagonjwa miongoni mwao, waliondoka kwa miguu kuelekea kusini, kwa njia ya zaidi ya kilomita 100, mpaka Oicha na Beni. Wagonjwa wasioweza kutembea walibebwa. Msomaji aliyefuata makala haya tangu mwanzo ataona njia hiyo ilielekea wapi. Mafunzo yaliyotoka Oicha mwaka 1964 yalirudi Oicha mwaka 2002, yakipita katika msitu ule ule, bila kitabu na bila ubao.

Kazi iliendelezwa Beni, hospitali kwanza, na mafunzo ya wauguzi nyuma yake. Hili halikuwa muujiza, na si haki kulieleza kwa ushujaa peke yake. Shule ambayo kiini chake ni maktaba na majengo ingekufa pale Nyankunde, kwa sababu majengo hayabebeki. Lakini shule hii kiini chake kilikuwa watu wenye ujuzi wakisimama kando ya wagonjwa na wanafunzi wakiwatazama, na vitu hivyo vitatu vilikuwapo Beni, wagonjwa kwa wingi kuliko ilivyotakiwa. Taasisi nyingine iliyoanzia Nyankunde mwaka 1992, IPASC, inayofundisha watumishi wa afya ya jamii vijijini, iliendelea na kazi yake Aru, kaskazini ya Mahagi. Nyankunde kwenyewe hospitali ilikuja kufufuliwa baada ya vita.

Hasara, hata hivyo, isipunguzwe kwa maneno mazuri. Waliouawa walikuwa pia wakubwa wa kazi. Mkuu wa wodi aliyefundisha kwa miaka ishirini hana mrithi anayetoka dukani, na yale aliyoyajua hayakuwa yameandikwa popote, kama vile ya kibarua wa Nioka.

Staji bila wodi

Tangu miaka ya 1990, taasisi za juu za binafsi zimeongezeka kote nchini, na zile za ufundi wa tiba zimekuwa nyingi hasa. Wodi hazikuongezeka kwa kiasi hicho. Mpangilio wa zamani umegeuzwa: sasa darasa hutangulia, kisha hutafutwa hospitali ya kupokea wanafunzi wake. Hutokea kitanda kimoja kizungukwe na wanafunzi wa taasisi tatu, kila mmoja na fomu yake, na mgonjwa katikati yao akilala kimya. Muuguzi mkuu hutia saini fomu zote. Ripoti ya staji, iliyokuwa ushahidi wa kazi, imekuwa kwa wengine kazi yenyewe, na zipo ripoti zinazofanana mpaka makosa ya tahajia.

Mfumo wa LMD, ulioanza kutumika nchini kote katika mwaka wa masomo 2021–2022, unaihesabu staji kwa mikopo kama somo lolote. Ni heshima kwa staji, lakini hesabu ya mikopo hupima saa tu. Haipimi kama alikuwapo mkubwa wa kazi.

Njia ya kutoka msongamano wa Bunia huenda inapita vijijini. Ituri ina maeneo ya afya 36, na katika wilaya ya Mahagi peke yake yamo Angumu, Aungba, Logo, Nyarambe, Rimba na mengineyo. Mwanafunzi anayepelekwa huko humkuta muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi, hali isiyo mbali sana na ile ya Oicha ya 1934. Hatari yake ni kwamba muuguzi huyo, kwa uchovu, atamfanya kibarua, na faida yake ni kwamba hana budi kumfundisha upesi. Gharama ya safari, chakula na usalama wa barabara ndiyo huamua kama jambo hilo linawezekana, hasa tangu Mei 2021 Ituri ilipowekwa chini ya utawala wa kijeshi.

Suala la lugha nalo lilijitokeza upya wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua zaidi ya watu 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, Beni ikiwa mojawapo ya vitovu vyake. Shirika la Translators without Borders lilibaini kwamba habari nyingi za afya zilitolewa kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili ambacho si kile kinachosemwa na watu wa huko, na hivyo hazikueleweka vizuri. Wauguzi waliofunzwa katika wodi za eneo hilo wangeweza kusema hayo siku ya kwanza. Hawakuulizwa, kwa kuwa ujuzi wao wa lugha hauko katika diploma.

Katika daftari la wodi malalamiko ya mgonjwa huandikwa mpaka leo kwa Kifaransa. Mwanafunzi aliyesikia *kifua iko naniluma tangu juzi, sana sana usiku* huandika maneno mawili au matatu ya kitaalamu, na sentensi yenyewe hupotea. Zaidi ya miaka tisini ya sentensi kama hizo imepita tangu Oicha bila kuhifadhiwa, ilhali idara za lugha za vyuo vya mashariki huwatuma wanafunzi wao kukusanya methali na ngano kutoka kwa wazee. Wanafunzi hao wa isimu nao wanahitaji staji. Wangeweza kupelekwa katika wodi hizo hizo, wakaketi kando ya mwanafunzi wa uuguzi na kuyaandika yanayosemwa kabla hayajageuzwa kuwa Kifaransa. Yanayohitajika ni daftari, ruhusa ya mgonjwa na ya daktari mkuu, na kiti kimoja cha ziada kando ya kitanda.